Manyanga Amenyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu cha kumi na mbili kimekubaliwa! Mhariri alipiga simu nikiwa na povu la dawa ya meno mdomoni. Nikaitikia "mmh, mmh" mpaka akauliza kama naumwa.

Daftari hili ni jipya, halijui kitu, basi nilieleze. Mimi ndiye mama wa Genge la Ngazi. Watoto wanne wanaokaa jengo moja la ghorofa sita, wanakutana kwenye ngazi, wanafumbua mafumbo madogo madogo. Nani kaiba baiskeli. Nani anapiga filimbi kwenye tangi la maji. Yuko Miwani, mwenye akili. Wako Mapacha, ambao hata mimi huwa nawachanganya. Na yuko Manyanga, roho ya genge — mdomo haufungi, anaigiza mpaka mlango unavyolia. Kila kitabu kurasa tisini na sita. Kila kitabu kinaishia juu ya paa: soda, jua linazama, Manyanga anatoa kichekesho cha kufungia. Vitabu kumi na moja, paa kumi na moja.

Sasa walimu wameomba kitu kizito kidogo. Wana wanafunzi wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, wanaojifungia, hawali, hawasemi. Wanataka kitabu cha sonona na urafiki. Mkurugenzi wa kampuni ya vitabu amekubali kwa sharti: somo moja, vicheko kumi. Kukabidhi ni Ijumaa tarehe 21.

Wiki tatu! Kile cha baiskeli nilikimaliza kwa siku kumi na moja. Na wa kuhuzunika atakuwa Manyanga mwenyewe. Wasomaji watashtuka! Najipongeza.

Mume wangu — fundi wa friji, nyumba nzima inamwita Fundi, hata mimi — akasema "sonona" ni kama jina la mashine ya kufulia. Sindano hakucheka. Sindano ni mtoto wa mdogo wangu, anakaa kwetu mpaka mama yake amalize kozi. Ana miaka kumi na minne na maneno yake yanachoma, ndiyo maana ya jina. Alikuwa anafunga viatu vya shule. Genge la Ngazi ni vitabu vya watoto, Mamkubwa, akasema, akatoka.

Na vyote kumi na moja viko chini ya kitanda chake! Nimeviona nikifagia.


Jumatano, 5 Machi

Sura nne kwa siku mbili. Kalamu inateleza.

Nilikwama kidogo kwenye sababu. Kwa nini Manyanga ahuzunike? Fundi akatoa ushauri bila kuombwa, mdomo umejaa mkate. Friji haigandishi, kuna sababu. Ama gesi, ama kompresa, ama mtu kaacha mlango wazi. Tafuta kilichoharibika, badilisha, washa.

Basi: Manyanga ameshindwa mashindano ya kuigiza. Analia. Genge linakaa kikao kwenye ngazi. Mpango: siku saba za furaha! Jumatatu vichekesho, Jumanne maputo, Jumatano keki — mpaka sherehe ya kushtukiza kwenye ukumbi wa chini, taa zinawashwa ghafla, wote "Haaaa!" Manyanga anatabasamu. Ukurasa wa sitini na moja. Halafu paa.

Nimecheka peke yangu nikiandika Mapacha wanavyopasua maputo. Dalili nzuri hiyo.


Ijumaa, 7 Machi

Mhariri alisisitiza nimwone muuguzi wa kliniki ya vijana, aipitie rasimu. Nikaenda nimejipamba kama naenda kupokea tuzo.

Chumba kidogo, feni inayotikisa kichwa, viti viwili vya plastiki na kimoja cha mbao. Muuguzi ni mama wa umri wangu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Alisoma pale pale, mimi nikimtazama uso. Alicheka palepale nilipotaka acheke. Nikapanua mabega.

Kisha akafunika karatasi. Akauliza kwa upole: huyu mtoto ana sonona, au kakosa zawadi?

Nikasema si ni kitu kimoja tu, kwa watoto?

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alieleza taratibu kama anayempa mtu dawa: kwamba huzuni ina sababu unayoweza kuinyooshea kidole, sonona si lazima. Kwamba inakaa wiki na wiki. Kwamba kijana anaweza asilie hata tone — akawa mkali, akachoka, akalala mchana kutwa, akaona kuoga ni kazi kama kubeba mawe. Vitu alivyovipenda havina ladha tena. Na inatibika, akakazia, akigonga meza kwa kidole. Inatibika, lakini si kwa maputo. Mtu mzima ajue, apelekwe, apewe muda.

Nikauliza, basi marafiki wana kazi gani? Akafikiri. Wasiwe waganga, akasema. Wawe marafiki tu. Hiyo ni ngumu zaidi.

Niliandika yote. Njiani nikamkasirikia kidogo. Sasa maputo yangu niyapeleke wapi?


Jumamosi, 8 Machi

Vita nyumbani.

Niliporudi kutoka dukani nikamkuta Sindano kwenye kochi na rasimu yangu mapajani. Akaruka. Nilikuwa natafuta kalamu, Mamkubwa. Kalamu! Yuko ukurasa wa hamsini na nane!

Nikamwambia amalize basi, aniambie. Nikajifanya napanga vitunguu. Ukweli nilikuwa nasikiliza kama atacheka.

Hakucheka. Aliziweka karatasi mezani, akazinyoosha kona vizuri — huwa hivyo akikasirika, anakuwa nadhifu.

"Mamkubwa, hiki kitabu ni kiongo."

"Kiongo ndiyo nini?"

"Kitabu cha uongo. Hii sherehe. Watu wote wanamrukia mtu asiyetaka kuonwa, halafu anatabasamu? Angekimbilia chooni. Angejifungia."

"We umejuaje?"

Akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe nilikuwa nimeshaviosha.


Jumapili, 9 Machi

Nimenuna siku nzima. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nimenuna kwa ajili ya mtoto wa kidato. Fundi ananipitia kwa mbali kama jiko la moto.

Jioni nikaisoma upya, kwa sauti, kama ya mtu mwingine. Ukurasa wa sitini na mbili: "Na tangu siku hiyo Manyanga hakuhuzunika tena."

Mungu wangu. Niliandika hivyo? Kwa mkono huu?

Nikacheka mpaka Fundi akaja kuchungulia. Nikamsomea. Naye akasema: ningekuwa mimi nimetengeneza friji nikamwambia mteja "haitaharibika tena", angenirudia na mwiko.


Jumanne, 11 Machi

Leo nimejua.

Tulikuwa tunakunja nguo, mimi na Sindano, kitanda kizima kimejaa soksi zisizo na wenzake. Sikuuliza kitu. Yeye mwenyewe akaanza, macho kwenye soksi.

Ana rafiki. Twiga, wanamwita hivyo kwa urefu. Wako pamoja tangu darasa la kwanza, dawati moja. Twiga ndiye alikuwa mchekeshaji — alikuwa anamwigiza mwalimu wa hesabu anavyotafuta chaki ambayo ameishika mkononi, darasa linavunjika mbavu. Tangu likizo ilipoisha, akawa mwingine. Analala darasani. Ukimsemesha anakujibu kwa mkato. Halafu akaacha kuja shule.

Kwa hiyo Sindano akapanga. Wasichana saba, keki, maputo, wimbo. Mama yake Twiga aliwafungulia, wakaingia kwa kunyata, wakapiga kelele ya "Tumekuja!" Twiga aliwatazama. Akaingia bafuni akafunga kwa komeo. Dakika arobaini. Wenzake wakaanza kutazamana, mmoja akasema anaringa, keki ikakatwa bila mwenyewe.

Baada ya hapo Sindano akawa anamtumia vichekesho kwenye simu. Kila siku kimoja. Havijibiwi. Siku moja akaacha. Siku ikawa wiki. Sasa ni wiki tano.

"Nilidhani amenichukia. Halafu nikasikia ni ugonjwa, anaenda kliniki. Nikaona aibu. Nikienda sasa nitamwambia nini, Mamkubwa?"

Mimi! Ninayeishi kwa kuandika watu wanavyoongea!

"Sijui," nikasema.

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Kisha akanirushia soksi mbili. Hizi zinafanana, akasema. Hazikufanana hata kidogo. Nikazikunja pamoja hivyo hivyo.


Alhamisi, 13 Machi

Nimechana sura zote. Zote! Isipokuwa Mapacha kwenye ngazi, maana wale hawana hatia.

Nimeanza tena, na safari hii siko ndani ya Manyanga. Niko na Miwani. Miwani mwenye akili, ambaye kwa vitabu kumi na moja hajawahi kukosa jibu, sasa hana. Maputo yamebaki — lakini yameshindwa. Yananing'inia ukumbini yakinywea polepole, na mlango wa Manyanga umefungwa. Miwani anaogopa. Anapita ghorofa ya tatu kwa vidole vya miguu ili asisikike. Analaumu shule, kazi za nyumbani, mvua. Anamkwepa rafiki yake mwenyewe halafu anamkumbuka akiwa amekaa mita tatu tu kutoka kwake, ukuta mmoja katikati.

Sindano alisimama nyuma ya kiti changu, akisoma juu ya bega. Nachukia mtu kusoma juu ya bega! Nikavumilia.

"Asinyate," akasema. "Avue viatu kabisa. Abebe mkononi."

"Wewe ulivua?"

"Mimi nilizunguka mtaa wa nyuma."

Nikaandika viatu mkononi.

Tumekaa mpaka wakati wa chakula. Tumebishana kama Mapacha wangesema amenuna au anaringa. Sindano anashikilia: wa kwanza aseme amenuna, wa pili anaringa, wabishane wao kwa wao mpaka wasahau mgonjwa ni nani. Nimecheka mpaka nikakohoa. Na ni kweli tupu! Hicho ndicho cha ajabu — kichekesho kimo humo humo, sikuhitaji kukitia kwa kijiko.


Jumapili, 16 Machi

Sindano ameuliza kama anaweza kumpelekea Twiga sura tatu za kwanza.

Nikaogopa mawili. Rasimu ambayo haijahaririwa — hilo kwanza, kiburi changu. La pili, kubwa zaidi: ikimwumiza je? Mtoto mgonjwa, unamletea karatasi zenye ugonjwa wake?

Nikampigia muuguzi. Akapokea akiwa sokoni, nasikia watu wanapatana bei. Akasema: usimfiche, usimlazimishe. Mwulizeni mwenyewe. Na anza na mama yake.

Nikampigia mama yake Twiga. Sauti ya mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa. Kliniki wanaenda kila Alhamisi. Anaanza kula. Siku nyingine nzuri, siku nyingine hapana. Hajaona mgeni tangu ile siku ya keki. Akasema: aje, lakini aje peke yake, tafadhali. Na asilete maputo.

Tukacheka wote wawili. Sikutegemea kucheka na mama huyo.

Sindano amesema hataenda. Halafu ataenda. Halafu hataenda. Amebadilisha blauzi mara tatu na safari yenyewe ni Jumatano.


Jumatatu, 17 Machi

Kwa Mkurugenzi. Ofisi ya kioo, maua ya plastiki yenye vumbi, vitabu vyangu kumi na moja vimepangwa rafu ya juu kama kikosi cha mpira. Mhariri pembeni na laptopu, kijana mpole, kila sentensi inaanza "Mama".

Mkurugenzi amesoma sura sita. Zimeandikwa vizuri, akasema, akiwa na sura ya mtu aliyemeza dawa. Lakini paa liko wapi?

Nikamwambia sina hakika kama safari hii kuna paa.

Akaweka kalamu chini. "Genge la Ngazi bila paa? Mama, ni kama harusi bila bibi harusi. Watoto wanasubiri paa! Wanasubiri kichekesho cha mwisho! Huyu Manyanga amepona au hajapona?"

"Anaendelea."

"Anaendelea wapi? Ukurasa wa tisini na sita hauendelei popote. Hapo ndipo jalada lilipo."

Kusema kweli nilicheka, maana ana hoja. Nikamweleza la muuguzi: kwamba tukimponya kwa kurasa mbili, mtoto ambaye hajapona kwa miezi miwili atadhani kosa ni lake. Hapo akaiokota kalamu, akaigeuzageuza. Si mtu mbaya. Ana hesabu za mashine ya chapa kichwani, basi.

Hukumu: sura ya mwisho iwe mezani kwake Ijumaa. La sivyo, nafasi yangu kiwandani inachukuliwa na kitabu cha kupaka rangi. Cha matunda! Nitapigwa kumbo na nanasi!

Kwenye ngazi Mhariri akanikimbilia. Akaniambia haraka haraka, kama anayeiba, kwamba pale kwenye viatu mkononi alisoma akiwa ndani ya basi na ikabidi ageukie dirishani. Ana kaka yake, akasema. Hakumalizia. "Asante, Mama," akarudi ndani.


Jumatano, 19 Machi

Amekwenda! Amerudi!

Fundi alimpeleka kwa gari la kazi, kati ya mitungi ya gesi, akamsubiri barabarani. Nilikuwa dirishani tangu saa tisa kama mama mwenye nyumba anayesubiri mpangaji. Saa kumi na moja mlango ukafunguka na Sindano akaingia macho mekundu, pua inatoka kamasi — na anatabasamu mpaka masikioni.

"Amenigombeza, Mamkubwa! Amenigombeza kweli kweli!"

Nikamkalisha. Nikampa maji. Haya, mwanzo.

Twiga alifungua mlango mwenyewe. Nywele hazijachanwa, fulana ya baba yake. Akatazama nyuma ya Sindano, ngazi nzima, akauliza: umekuja peke yako? Peke yangu. Ndipo akapisha. Wakakaa sakafuni, migongo kwenye kitanda. Sindano anasema alihesabu vigae vya sakafu: mia na nne. Alipotaka kufungua mdomo, Twiga akawahi:

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi."

"Watu wakija wanataka niwachekeshe au wanichekeshe. Nimechoka."

Vigae tena. Kisha Sindano akasema lile alilokwenda nalo. Si hotuba — alikuwa ameandika hotuba, niliiona! — akasema tu: niliacha kukutumia ujumbe, nilikosea, niliogopa.

Hapo Twiga akawaka. Wiki tano! Alisema alikuwa anavisoma vile vichekesho, kila siku, hana nguvu ya kujibu hata neno moja, lakini anavisubiri. Vilipokatika akasema basi, hata huyu amechoka na mimi. Alipiga kelele mpaka mama yake akaja mlangoni na mwiko mkononi, akaona, akarudi zake jikoni.

"Halafu?"

"Halafu akasema amechoka, niende. Nikasimama. Akasema niziache zile karatasi."

Sindano akajipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mamkubwa, kama amenichukia asingepiga kelele vile, si ndiyo?"

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na tochi yake mdomoni kwa kusahau, akaitoa. Friji inayonguruma, akasema, haijafa.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, nimeandika maneno ya Fundi pembeni ya rasimu. Sijamwambia.


Alhamisi, 20 Machi

Sura ya tisa: Manyanga anamgombeza Miwani. Kurasa nne za hasira. Nimezimaliza kwa mkao mmoja, chai imeganda utando. Ndiyo sura bora niliyowahi kuandika, na hakuna fumbo hata moja ndani yake.

Ya mwisho, hamna. Karatasi nyeupe inanitazama, nami naitazama.


Ijumaa, 21 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu ya Sindano wakati wa kifungua kinywa. Kutoka kwa Twiga. Akanisomea akiwa amesimama juu ya kiti.

Kwanza: Manyanga hawezi kusema "asante kwa kuwa rafiki yangu", hakuna mtu duniani anayesema hivyo, labda kadi.

Pili: mama yake Manyanga mbona hayupo? Mama yeyote angemfungia nyumbani kama kuku, wake yuko wapi?

Tatu: sehemu ya Mapacha, "amenuna, anaringa, amenuna, anaringa". Hapo hakukosoa kitu. Ameandika: "Hapo sawa."

Hapo sawa! Nimepata sifa kwenye magazeti, nimepata cheti chenye fremu. Hakuna kilichonipandisha mabega kama hiyo.

Nimefuta "asante kwa kuwa rafiki yangu". Nimemleta mama. Amekuja na funguo zake, viatu vya kazini na sura ya mtu asiyelala, na sasa ndiye anayempeleka Manyanga kliniki, na genge linawaona kwenye ngazi wakishuka mkono kwa mkono. Nashangaa jengo langu limekaaje miaka tisa bila mtu mzima hata mmoja mwenye sura!

Mkurugenzi nimemwomba mpaka kesho saa sita mchana. Akaguna. Mhariri anasema nanasi limeshachorwa.


Jumamosi, 22 Machi

Saa nne na nusu. Niko jikoni, naandikia juu ya friji maana meza yangu imetekwa.

Wamekuja! Twiga na mama yake. Simu ilipigwa saa mbili: Twiga amesema anataka kuona mahali genge linapoandikwa. Kisha saa tatu: hapana, hawaji, leo si siku nzuri. Kisha saa tatu na nusu kengele ya mlango.

Ni mrefu kweli, Mungu ambariki, anainama kupita mlangoni. "Shikamoo," kwa sauti ndogo. "Marahaba, mwanangu, karibu," nikajizuia kusema mengine yote. Nilijizuia mpaka nikauma ulimi. Leo si siku nzuri, akaniambia mwenyewe, bila kunung'unika, kama mtu anayekujulisha mvua inanyesha. Nikamwambia sawa, hata mimi sura ya mwisho imenishinda. Akaitikia kwa kichwa.

Mama yake na Fundi wako sebuleni, pembeni, wanajadili friji yao inayotoa maji chini. Nasikia Fundi anaigiza mlio wa kompresa. Mama yule anacheka. Nadhani alihitaji mazungumzo ya friji.

Wasichana wako mezani kwangu, mlango wazi. Nilipeleka biskuti nikakuta wameshaisoma sura ya kumi mpaka nilipoishia, wanabishana. Sindano anataka paa — yeye! aliyesema vitabu vya watoto! — anasema genge liende juu na Manyanga apande, hata kama hachekeshi. Twiga anasema ngazi ni nyingi. Sindano akasema ni ghorofa sita tu. Twiga akasema, sita ni nyingi. Wakanigeukia wote wawili. Nikaweka biskuti nikatoka.


Saa tano na dakika kumi.

Twiga amechoka. Katikati ya sentensi alinyanyuka, akaenda kwenye kochi la chumba changu cha kazi, akalala, uso ukutani, miguu imening'inia nje kwa urefu. Mama yake alitaka kuinuka. Nikamwona anajikaza, akakaa tena, mkono umeshika kikombe kitupu.

Sindano akaja jikoni mbio. Mamkubwa, nimemuudhi? Nifanyeje, tuwaache waende? Nikafikiria muuguzi, nikafikiria vitabu kumi na moja, hakuna mahali nilipoandika hili. Nikamwambia, mwulize yeye.

Akaenda. Nikasikia anauliza: nitoke? "Hapana." Nibaki? "Sijui." Basi nitakaa hapa chini nisome, akasema Sindano, usisikilize kama hutaki.

Na sasa anasoma. Sura ya kumi, ile ambayo haijaisha, kwa sauti ya kawaida, amekaa sakafuni mgongo kwenye kochi. Hafanyi sauti za kuigiza. Anasoma tu. Mapacha wako juu ya paa na soda. Miwani yuko ghorofa ya tatu, mbele ya mlango ulio wazi kidogo, hajui kama apande au akae.

Hapo ndipo nilipoishia. Atafika hapo baada ya ukurasa mmoja, na hakuna kitu mbele.

Simu inatetemeka juu ya friji. Mkurugenzi. Saa sita bado! Naiacha itetemeke. Inatembea yenyewe kuelekea ukingoni, naizuia kwa kiwiko.

Sauti kutoka kwenye kochi. Uso bado uko ukutani, nauona mgongo tu.

"Umeruka mstari."

"Wapi?"

"Pale mama yake anapotoka na funguo. Rudia."

Sindano anarudia. Simu inaanza tena. Naichukua, natoka nayo mpaka kwenye baraza, nafunga mlango nyuma yangu polepole wasisikie, naipokea.

Nanasi tayari, anasema Mkurugenzi. Una mwisho au huna?

Nikamwambia subiri kidogo, bado wanausoma, na wakifika pale kwenye mlango ulio wazi kidogo, Miwani atamwuliza Manyanga mwenyewe: nitoke, au nibaki?